Elijah Abel alikuwa na cheti cha ukuhani: uzi kuhusu Wamormoni na watu weusi

#1 Mwana wa Kayole

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnivumilie, uzi huu ni mrefu na nitaushusha kwa vipande.

Mimi ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi mnatuita Wamormoni. Nilibatizwa nikiwa na miaka tisa, siku moja na Mama. Mwaka 2025, kabla hekalu la Nairobi halijawekwa wakfu mwezi Mei, milango ilifunguliwa kwa yeyote anayetaka kuingia na kutazama. Nikaenda na Mama na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja. Mlangoni tulipewa vifuniko vya plastiki vya kuvaa juu ya viatu, zulia lisichafuke. Mama miguu humvimba siku hizi, kuinama ni shida, basi nikapiga magoti nimvalishe. Nikiwa pale chini mpwa wangu akaniuliza, tena kwa sauti ya kusikika: "Mjomba, ni kweli zamani nyanya asingekubaliwa kuingia humu?"

Alikuwa ameshasoma kwenye simu. Sikumjibu. Nilimalizia kifuniko cha mguu wa pili, nikasimama, tukaingia.

Jibu ni ndiyo, ni kweli. Tangu 1852 hadi Juni 1978 mwanamume mwenye asili ya Afrika hakupewa ukuhani katika kanisa letu, na mtu mweusi, mke kwa mume, hakupokea endaumenti, yaani ibada ya maagano ya hekaluni, wala kuunganishwa na familia yake humo. Ubatizo aliruhusiwa. Kwa msiotujua: kwetu ukuhani si kazi ya mchungaji peke yake. Kijana anaupokea akiwa mdogo, na mwanamume yeyote anayeishi vizuri anakuwa nao, awe fundi viatu au daktari. Sasa fikiria baba mweusi wa miaka ile. Mwanawe akifika umri wa kubatizwa, baba anakaa kwenye kiti, anaingia majini mtu mwingine. Sakramenti inabarikiwa na kijana wa jirani mwenye miaka kumi na sita, yeye mzee wa miaka sitini anaipokea tu. Akifa, kwa imani yetu, ndoa yake haijafungwa kwa umilele.

Kilichonifanya niandike ni hiki: marufuku hayo hayakuwepo tangu mwanzo. Watu wakaja kuapa kwamba yalikuwepo.

Kanisa lilianzishwa 1830 huko New York na Joseph Smith. Mwaka 1836, kule Kirtland, Ohio, seremala mweusi aitwaye Elijah Abel, mzaliwa wa Maryland, alitawazwa kuwa mzee, ambayo ni ngazi ya ukuhani, na kabla mwaka haujaisha akawa mmoja wa Sabini, ngazi ya wahubiri. Akatumwa kuhubiri. Kule Nauvoo, Illinois, alitengeneza majeneza. Mwaka 1853 alifika Utah, na akafanya kazi kwenye ujenzi wa hekalu la Salt Lake. Alipoomba apokee baraka za hekaluni pamoja na mke na watoto, Brigham Young, aliyeliongoza kanisa baada ya Joseph Smith, akamkatalia.

Mwaka 1879 likazuka swali: huyu mzee ukuhani aliupata wapi? Wazee wawili waliomfahamu Joseph Smith wakatoa ushahidi kwamba nabii alisema mweusi hastahili ukuhani. Mmoja wao, Zebedee Coltrin, akadai Abel alivuliwa ukuhani. Joseph F. Smith, mtume wakati huo, akaenda kwa Abel mwenyewe. Abel akamwonyesha vyeti vyake vya ukuhani, viwili. Mtume akarudi na kusema mbele ya baraza kwamba ushahidi ule si sahihi, karatasi ameziona. Ukuhani wa Abel ukaachwa jinsi ulivyo. Hekaluni bado hakuruhusiwa. Alipokuwa mzee kabisa akatumwa tena misheni, akarudi mgonjwa, akafa Desemba 1884.

Na sasa hapa ndipo ninapoumia. Mwaka 1908 Joseph F. Smith, yule yule aliyeviona vyeti kwa macho yake, akiwa sasa ndiye rais wa kanisa, alisema kwamba ukuhani wa Abel ulibatilishwa na Joseph Smith mwenyewe.

Nakuja na kipande cha pili.

#2 Kisima

Ndugu, nakuuliza bila ubaya, mimi ni Mwanglikana. Kanisa limekufundisha kwa miaka 126 kwamba wewe ni uzao wa Kaini. Unafanya nini humo? Nisingekaa hata Jumapili moja.

#3 Ntare wa Bujumbura

Kisima, swali lako ni la haki, ila tusije tukamwachia Mmormoni mzigo wote. Habari ya laana ya Kaini na ya Hamu, kwamba weusi ni uzao wao uliolaaniwa, Wamormoni hawakuibuni. Waliikuta kwa Waprotestanti wa Marekani, ambao waliitumia kuhalalisha utumwa muda mrefu kabla ya 1830. Wengi walioingia kanisa lile jipya waliingia nayo, kama mtu anavyohama na masufuria yake.

Na sisi wa Maziwa Makuu tusijifanye hatuijui. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alipoandika mwaka 1863 kwamba watawala wa huku ni jamii iliyotoka kwingine, bora kuliko Waafrika waliowakuta, alikuwa ameshika uzi ule ule wa Hamu. Wamisionari na maofisa wa kikoloni wakauendeleza, watoto wakafundishwa shuleni nani ni Mhamiti na nani ni Mbantu. Matunda yake Rwanda na Burundi tumeyazika kwa mikono yetu. Makanisa yaliyofundisha hivyo hayakuwa ya Kimormoni.

Kingine, fungueni Biblia. Mwanzo 9, Nuhu alimlaani Kanaani, hakumtaja Hamu katika laana. Mwanzo 4, alama ya Kaini iliwekwa ili mtu asimuue. Rangi ya ngozi haipo popote katika sura hizo.

#4 Mwana wa Kayole

Ahsante sana Ntare, umenirahisishia. Kisima nitakujibu, usiondoke.

Kipande cha pili: nini kilibadilika kati ya 1836 na 1852?

Machi 1847 Brigham Young alimsifu mbele ya watu Walker Lewis, kinyozi mweusi wa Lowell, Massachusetts, mpinga utumwa, kuwa ni mmoja wa wazee bora kabisa walionao. Mwaka huo huo kuhani mweusi ni jambo la kusifiwa. Miaka mitano baadaye, Februari 1852, Young huyo huyo, sasa akiwa pia gavana wa Utah, iliyokuwa bado eneo la Marekani lisilo jimbo kamili, anasimama mbele ya bunge na kusema mwenye hata tone moja la damu ya Kaini hawezi kuwa na ukuhani.

Wanaochunguza historia hii wanataja mambo mawili. La kwanza ni ndoa. Mwishoni mwa 1847 Young aliletewa taarifa kwamba mtoto wa Walker Lewis ameoa mwanamke mzungu, na kabla ya hapo palikuwa na mhubiri mwenye damu ya Kiafrika, William McCary, aliyeoa mzungu na kuanzisha taratibu zake mwenyewe za wake wengi. Viongozi walitetemeka. La pili ni utumwa. Waongofu kutoka majimbo ya kusini, Mississippi hasa, walikuja na watumwa wao. Kundi la kwanza kabisa lililoingia bonde la Salt Lake Julai 1847 lilikuwa na watumwa watatu weusi: Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby. Watu hawa walifyeka njia ambayo Wamormoni wanaiimba hadi leo. Mwaka 1852 bunge la Utah likapitisha sheria iliyoruhusu utumwa, na ukadumu hadi Bunge la Marekani lilipoupiga marufuku katika maeneo yote yasiyo majimbo kamili mwaka 1862.

Nawaomba mlione hili vizuri: tangazo la ukuhani na sheria ya utumwa ni za kikao kimoja cha bunge. Hakuna andiko la ufunuo lililotolewa. Ilikuwa hotuba ya kisiasa ndani ya mjadala wa watumwa. Mtume Orson Pratt alisimama bunge hilo hilo akapinga, na akapinga kwa nguvu. Alishindwa.

Baada ya hapo sababu zikawa zinatafutwa. Kaini. Hamu. Kisha ikaja ile iliyo mbaya kuliko zote, kwamba roho za watu weusi hazikuwa shujaa katika maisha ya kabla ya kuzaliwa. Hii ilifika hadi kwenye tamko la Urais wa Kwanza, yaani rais wa kanisa na washauri wake, la mwaka 1949.

#5 Tumaini_Kijitonyama

Samahani kaka zangu, mnaongea ukuhani, ukuhani. Wanawake wako wapi? Mimi pia ni muumini, Dar, na ninayemsoma kila mara ninapochoka ni Jane Manning James. Nimwelezee, maana nikimwachia Mwana wa Kayole atampa mistari miwili.

Jane alizaliwa huru huko Wilton, Connecticut. Alibatizwa na kuwashawishi ndugu zake. Mwaka 1843 wakaanza safari ya kwenda Nauvoo pamoja na waumini wazungu. Wakafika Buffalo, wazungu wakapanda meli, Jane na ndugu zake wakakataliwa. Basi wakatembea. Maili 800, yaani kilomita karibu 1,300. Viatu vikaisha. Miguu ikapasuka, na yeye mwenyewe alisimulia kwamba unyayo mzima ulionekana chini kwa damu. Wakasimama wakaomba Mungu awaponye miguu, na anasema iliponywa pale pale. Peoria, Illinois, wakatishiwa jela kwa kukosa karatasi za uhuru. Hawakuwa nazo kwa sababu hawakuwahi kuwa watumwa.

Nauvoo, Joseph na Emma Smith walimchukua nyumbani kwao. Alikuwa anafua. Siku moja katika nguo chafu akakuta mavazi ya hekaluni ya Joseph. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Akayashika, akayatazama, akayawaza mpaka, kwa maneno yake, Roho akamjulisha yanahusu nini. Nawaomba mbaki na picha hiyo kidogo: dada huyu aliyafua kwa mikono yake mavazi ambayo hangeruhusiwa kuyavaa maisha yake yote.

Alifika Salt Lake mwaka 1847. Mwaka 1849 chakula kilikuwa hakuna. Eliza Partridge Lyman, mke wa mtume, aliandika katika shajara yake kwamba mumewe alikuwa amesafiri na hawana kitu, na Jane James akampa ratili mbili za unga, karibu nusu ya alizokuwa nazo.

Sasa fuata barua zake. Mwaka 1884 alimwandikia rais John Taylor akiuliza, ikiwa kupitia uzao wa Ibrahimu mataifa yote yatabarikiwa, je, hakuna baraka yake? Aliandika tena, na tena, kwa marais waliofuata. Mwaka 1894 wakampa jibu ambalo hata leo nikilisoma nafunga kitabu kwanza. Waliandaa ibada ya kumuunganisha na Joseph Smith kwa umilele kama mtumishi. Na kwenye ibada hiyo Jane hakuruhusiwa kuingia. Alikuwa hai, anaishi mji huo huo, akasimama mwanamke mzungu badala yake. Akaendelea kuomba endaumenti. Akafa Aprili 1908 bila kuipata. Rais wa kanisa alihutubia mazishini.

Endaumenti yake ilifanywa na mtu mwingine kwa niaba yake mwaka 1979.

#6 Mutoto wa Bukavu

Dada Tumaini, umeniliza. Mimi niko hapa Salt Lake, tulifika kama wakimbizi, tunasali Kiswahili kwenye tawi letu. Kaburi lake liko katika makaburi ya mji huu, kuna jiwe la kumbukumbu lake na mume wake Isaac, niliwapeleka watoto. Na tangu Julai 2022 kuna sanamu za shaba pale penye bustani ya mapainia: Jane, Green, Hark na Oscar. Wa kwangu mdogo alimshika Green Flake mkono akakataa kuondoka.

Lakini niseme na lingine. Nilipofika, kabla tawi letu halijaanza, nilikuwa nasali na kata, yaani usharika, ya wazungu. Watu wazuri, walinitafutia godoro, walinifundisha kuendesha gari. Jumapili moja darasani mzee mmoja akaeleza kwa upole kabisa, akiniangalia, kwamba sisi weusi tulichelewa kupewa ukuhani kwa sababu ya mambo tuliyofanya kabla ya kuzaliwa. Akamaliza kwa kuniambia ninapendwa. Hakuna aliyesema neno. Nilikuwa na Kiingereza kidogo, sikuweza kumjibu. Nilikwenda chooni nikakaa mpaka darasa likaisha. Ilikuwa 2016, miaka mitatu baada ya kanisa lenyewe kuandika kwamba linakana mafundisho hayo.

#7 Kisima

Mutoto wa Bukavu, pole sana ndugu yangu.

Mwana wa Kayole, nimesoma yote. Sasa niambie 1978 ilikuwaje. Wengi tunasikia walibanwa na serikali ya Marekani.

#8 Mwana wa Kayole

Pole Mutoto. Pole sana.

Kisima, kelele zilikuwepo kweli. Oktoba 1969 wachezaji 14 weusi wa Chuo Kikuu cha Wyoming walitaka kuvaa vitambaa vyeusi mkononi wakicheza na timu ya Chuo Kikuu cha Brigham Young, ambacho ni cha kanisa letu, kupinga marufuku; kocha wao akawafukuza wote. Chuo Kikuu cha Stanford kikatangaza hakitacheza tena na Brigham Young. Lakini kufikia 1978 kelele hizo zilikuwa zimepungua. Nionavyo mimi, kilichosukuma zaidi ni watu weusi wenyewe kukataa kuondoka.

Afrika Kusini, William Daniels wa Cape Town, aliyebatizwa 1915, alisafiri hadi Salt Lake akaonana na rais wa kanisa, akarudi bila ukuhani, na bado akafungua nyumba yake kwa ibada kila Jumatatu hadi alipofariki 1936. Huko huko, hadi 1954, mwanamume mzungu alitakiwa kuthibitisha kwamba ukoo wake wote umetoka nje ya Afrika ndipo apewe ukuhani! Nigeria, miaka ya 1960, maelfu walijiandikisha wenyewe kwa jina la kanisa hili bila mmisionari hata mmoja, na serikali ikawanyima wamisionari viza baada ya mwanafunzi wao mmoja aliyekuwa Marekani kuandika gazetini habari ya marufuku. Ghana, Joseph William Billy Johnson alianzisha makundi na kuyalea miaka kumi na nne akisubiri. Salt Lake kwenyewe, mwaka 1971, Ruffin Bridgeforth, Darius Gray na Eugene Orr waliomba kundi la waumini weusi, likaanzishwa likaitwa Genesis.

Na Brazil. Mwaka 1975 kanisa lilitangaza hekalu São Paulo. Nchi ile damu zimechanganyika, nani atasimama mlangoni kupima? Helvécio Martins, mweusi aliyejiunga 1972, alikuwa anachangia na kusaidia ujenzi wa hekalu ambalo kwa sheria ya siku ile asingeingia. Rais Spencer W. Kimball alimwona huko. Kimball alikuwa anapanda hekaluni peke yake siku baada ya siku kuomba. Tarehe 1 Juni 1978 aliomba pamoja na washauri wake na mitume, na wote waliokuwepo walisema walipata jibu. Tarehe 9 dunia ikatangaziwa. Siku mbili baadaye Joseph Freeman, mweusi, akatawazwa mzee. Novemba Anthony Obinna akabatizwa Nigeria na wenzake. Martins akaja kuwa kiongozi mkuu wa kwanza mweusi, 1990. Kwetu Kenya kanisa lilisajiliwa 1991, na mwaka 2009 Joseph Sitati wa Bungoma akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuitwa katika Sabini wa kanisa zima.

#9 Kisima

Waliomba radhi?

#10 Mwana wa Kayole

Hapana. Na sitakupamba.

Agosti 1978 mtume Bruce McConkie, ambaye mwenyewe alifundisha sana habari ya Kaini, aliwaambia walimu wasahau yote aliyosema yeye, au Brigham Young, au yeyote, yanayopingana na ufunuo mpya, kwa kuwa walisema wakiwa na ufahamu mdogo. Desemba 2013 kanisa likachapisha insha inayotaja tangazo la 1852, inamtaja Elijah Abel, na inakana kwamba ngozi nyeusi ni laana au kwamba tulifanya kosa kabla ya kuzaliwa. Juni 2018 Dallin Oaks, ambaye sasa ndiye rais wa kanisa, alisema hadharani kwamba enzi zile alizichunguza sababu zilizotolewa na hakupata uthibitisho wa ukweli wa hata moja. Mwaka 2020 kitabu cha masomo cha Jumapili kilichapishwa kikiwa na maelezo ya zamani kuhusu ngozi nyeusi, mtume mmoja akasema amesikitishwa. Neno "tunaomba radhi kwa marufuku yale" sijalisikia likisomwa kwenye mimbari, na ninalidai. Nalidai nikiwa ndani, na zaka nalipa.

Uliniuliza nafanya nini humo. Kitabu cha Mormoni, 2 Nefi 26, kinasema Mungu hamkatai yeyote amjiaye, mweusi na mweupe, mtumwa na huru, mume na mke. Andiko hilo lilikuwepo tangu 1830. Abel alilisoma. Jane alilisoma, na hakuliona kuwa mali ya wazungu. Nikiondoka, nitakuwa nimekubaliana na Coltrin kwamba Abel hakuwa na mahali.

#11 Tumaini_Kijitonyama

Ila kaka, kitabu hicho hicho 2 Nefi 5 kina Walamani na ngozi nyeusi kama laana. Usilipite. Ndiyo, walisomwa kuwa ni wenyeji wa Amerika, si sisi, lakini mtoto wa darasa la sita hatofautishi. Mwaka 1981 walibadilisha mstari wa sura ya 30 kutoka "weupe" hadi "safi". Ule wa sura ya 5 upo. Mimi nikifundisha watoto nasimama hapo nawaeleza, siurukii.

#12 Mwana wa Kayole

Umesema kweli dada, niliurukia. Ahsante.

#13 Ntare wa Bujumbura

Mpwa ulimjibu?

#14 Mwana wa Kayole

Nilimjibu jana usiku. Nilimsomea uzi huu wote kwenye simu, pamoja na maoni yenu, Mama akiwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Kijana aliuliza mengi, hasa habari ya vyeti vya Abel, viliandikwaje, viko wapi. Mama alikuwa kimya kabisa. Nikadhani amesinzia.

Nilipomaliza akasema, "Rudi pale kwa unga." Nikasoma tena kipande cha Tumaini. Akatoa mguu mmoja kwenye maji, akaufuta, akauliza: "Huyo mke wa mtume, alimrudishia?"

Mpwa wangu akaniangalia. Akachukua kitambaa, akaanza kumfuta nyanya yake mguu wa pili.